Kitanda Alichokitafuta Sista Joviana

Tarehe 30 Juni 2025, Sista Joviana Mutalemwa anavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza mwaka 1992 akiwa muuguzi wa chanjo hapa kituo cha afya Kituntu, na kituoni hakuna aliyebaki wa kukumbuka siku alipofika. Sisi wote alitupokea yeye.

Enzi hizo alipeleka chanjo kwa baiskeli. Siku moja breki zilikatika kwenye mteremko wa Ihanda, akaishia katikati ya jamvi la kahawa iliyoanikwa. Mwenye kahawa alimpa pole, kisha akamketisha aiokote yote. Aliokota hadi saa tisa, na watoto wa kijiji wakachanjwa pale pale kando ya jamvi.

Baadaye alikaa miaka mingi wodi ya wazazi. Aliyemtoa huko ni Harerimana, kibarua wa mashamba ya migomba, aliyekuja mwaka 2018 na binti yake Tuyizere, miaka kumi na sita, mikono imefungwa kamba. Binti alikuwa anakunywa gongo tangu darasa la sita.

“Sista, mnifungie huyu,” alisema baba. “Nimeshindwa.”

“Baba Tuyizere, huyu ni mgonjwa. Mfungue kwanza.”

Alimlaza siku tisa, hadi mikono ikaacha kutetemeka. Lakini huo ulikuwa mwanzo tu. Binti alihitaji mahali pa kukaa na kutibiwa kwa miezi, na hapa jirani hapakuwa na mahali pa namna hiyo. Joviana akapiga simu. Nyumba moja ya Mwanza ilipokea wanaume tu. Nyingine ilitaka waliotimiza miaka kumi na minane. Ya tatu, mbali zaidi, ikasema asubiri kitanda.

Tuyizere akarudi nyumbani. Kila Alhamisi alikuja kwa miguu kumwona Joviana. Alhamisi ya sita hakuja. Walimkuta migombani amekufa, kidumu cha gongo kando yake.

Siku nne baada ya maziko simu iliita: kitanda kimepatikana. Nilikuwa naye chumba cha wauguzi.

“Ameshazikwa,” alijibu. “Msikigawe. Nitamleta mwingine.”

Alimpeleka binti mmoja kutoka Kyerwa, safari ya siku mbili kwa basi. Huyo yu hai, ni fundi cherehani. Tukimpongeza Joviana kwa huyo, yeye humtaja Tuyizere.

Tangu hapo Alhamisi zake zote zilikuwa za vijana wa namna hiyo. Waliopita kwake ni sitini na mmoja. Waliopata pa kulazwa ni saba.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari lao. Wanne bado wanasubiri kitanda. Nilimwambia sijui nianzie wapi.

“Piga simu,” alisema. “Wakikataa, piga kwingine.”

Sista Joviana, asante. Nenda nyumbani Bweranyange ukapumzike kwenye kahawa yako, ule ndizi zako bila haraka, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Alhamisi hii nitapiga mimi.

Benadeta Cleophace, muuguzi