Belti ya Taiming ya Mzee Jamleck

Tulipotoka Elburgon kwenda Nakuru kwa matatu, mzee aliyeketi mbele yangu, aliyejitambulisha kwetu sote kama Jamleck, alikuwa akimweleza mama wa kando yake jinsi mafundi walivyo waongo.

"Ati nibadilishe belti ya taiming kwa sababu gari yangu imefika kilomita laki moja. Na haijawahi hata kupiga kelele."

"Belti haipigi kelele, mzee. Inakatika tu, na injini inaharibika nayo."

"Nitabadilisha nikiona dalili."

"Sawa. Labda itakuandikia barua."

Niligeukia dirisha nisionekane nikicheka.

"Jumamosi gari hiyo inabeba msichana wangu kwa arusi yake, kutoka Kuresoi," mzee akasema.

"Basi mwambie avae viatu vya kutembea. Yangu ilikatika nikiwa mbele ya lori ya mbao. Ndio sababu unaniona kwa matatu leo."

Mzee alifikiria kidogo. "Wewe pengine ulikuwa unakimbiza."

Matatu yetu ilisimama Nakuru. Mzee alimshikia mama mlango, akamkaribisha arusini kwa heshima zote. Mama alishukuru, akasema atafika, lakini kwa matatu.