Karani wa Majeneza Aliyepokea Simu Zetu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, dada yetu Bi Futikamba anafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Kituo kitampoteza mfanyakazi pekee ambaye hakuwahi kuomba kazi hapa. Sisi wengine tulikuja na vyeti na suruali zilizopigwa pasi. Yeye aliletwa na kosa la mchapishaji.

Kwa wageni wasiotufahamu, kituo chetu kinashughulika na watu, wengi wao wanaume, ambao ulevi umeshika usukani wa maisha yao na nyumbani kwao wameanza kuogopwa. Hatungoji mke afike hospitali ndipo tumtafute mume. Tunamtaka akiwa bado anavunja sahani na kupiga ngumi ukuta, kabla mkono haujazoea. Kwa nia hiyo tulifungua simu ya msaada, tukabandika matangazo kwenye vyoo vya baa: “Kabla hujagonga mlango wa kwako, tupigie.” Mchapishaji akazigeuza tarakimu mbili za mwisho. Namba ikawa ya karakana ya majeneza iliyo ng’ambo ya barabara, ambako Bi Futikamba alikuwa karani wa oda.

Simu yetu ikakaa kimya miezi mitatu. Mkurugenzi wa wakati huo, mtu mwenye imani kubwa na binadamu, aliandika ripoti kwamba mji umetulia. Tulikata keki.

Wakati sisi tunakula keki, Bi Futikamba alikuwa hapati hata nafasi ya kunywa chai. Kila jioni wanaume walimpigia wakilia, wengine wakitukana, wengine wakisinzia simu ikiwa sikioni. Hakushangaa hata kidogo, maana riziki yake ilikuwa kwa watu wanaolia. Aliwapa pole. Aliwauliza ilianza lini, nani amebaki na familia, kama wana ndugu wa kuwashika mkono. Nao walimjibu vizuri tu: ilianza nilipoachishwa kazi, ilianza alipofariki baba. Wengi walikata simu wakiwa wamepoa, wakiamini wamehudumiwa na mtaalamu. Kilichomtatiza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja kuchagua jeneza. Fundi mkuu wa karakana alianza kumshuku kwamba anawafukuza wateja.

Kisha fundi vigae mmoja akapiga simu. Alikuwa nje ya baa, amelewa chakari, na maneno yake yalikuwa mabaya: kwamba mkewe amemdharau mbele ya majirani, na kwamba leo kwake lazima patakuwa na matanga. Bi Futikamba akavuta kalamu, akauliza swali la kila oda ya jeneza, ambalo waliotangulia walikata simu kabla hajalifikia.

“Marehemu ana urefu gani?”

Fundi vigae mwenyewe ametusimulia mara nyingi kwamba alijikuta amenyanyua kiganja pale barabarani, anapima urefu wa mkewe.

“Ananifika begani,” alijibu. Kisha akasema, “Lakini bado hajafa.”

“Sasa, kaka, mbona umepiga mapema?”

Yule bwana aliketi ukingoni mwa mtaro akalia kama mtoto. Bi Futikamba alielewa, kwa mara ya kwanza tangu simu zile zianze, kwamba huyu hakufiwa. Aliogopa, na hajawahi kuficha kwamba aliogopa. Lakini hakukata simu. Alimuuliza ana nani karibu, akaambiwa dada yake anakaa mtaa wa pili, akamwamuru aende huko na asipite kwake hata kuchukua koti. Alikwenda naye kwa maneno, hatua kwa hatua, mpaka akasikia sauti ya dada mtu ikiuliza huyu mlevi anaongea na nani.

Asubuhi fundi vigae, akiwa ameelekezwa mahali namba ile inapopokelewa, alitokeza karakanani na tangazo alilolibandua chooni, akitafuta kituo cha ushauri. Alipoona majeneza yamesimamishwa ukutani, alidhani ndiyo njia yetu ya kufundisha, na nusura atimue mbio. Bi Futikamba alilisoma tangazo, akakisoma kibao chetu ng’ambo, akamshika mgeni wake mkono, wakavuka barabara.

Mkurugenzi alimwajiri wiki hiyohiyo. Fundi mkuu alilalamika kwamba tumemwibia karani, na sasa tunataka kumpunguzia na soko. Amealikwa kwenye sherehe, na ameahidi kusamehe akipewa soda ya baridi.

Tusimpake mwenzetu mafuta kwa mgongo wa chupa: mwanzo wake hapa haukuwa rahisi. Alikuwa na tabia ya kumpima kila anayeingia kwa macho, kutoka utosini hadi unyayoni, na wateja walikuwa wakikaa wamekunja miguu. Jina la Futikamba lilizaliwa hapo. Ilibidi apelekwe mafunzoni, asome uraibu ni nini na vitisho vya nyumbani hukua vipi, na alifeli mtihani wa kwanza.

Kosa kubwa zaidi tulilifanya pamoja naye. Fundi vigae aliacha pombe wiki sita, nasi tukamfanya bwana harusi. Tulimpa cheti. Tulimpigia makofi. Bi Futikamba alimshonea hata fremu ya kitambaa. Kesho yake mkewe, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa amehamia kwa kaka yake, alikuja mapokezi, akakaa, akaongea bila kupandisha sauti.

“Dada, hata mimi sijampiga mtu wiki sita,” alisema. “Cheti changu kiko wapi?”

Aliendelea kueleza kwamba miaka yote hiyo mumewe amekuwa akitoka baa amelewa vilevile, lakini hajawahi kumgusa mwenye baa, bwana mwenye mikono kama mihogo. Pombe ile ilijuaje nani wa kupiga?

Tangu siku ile kazi yetu iligeuka, na aliyeigeuza ni Bi Futikamba. Aliomba kwamba kwa kila mwanaume anayesajiliwa, mke au mama au mtoto wake mkubwa apigiwe simu kwanza, aulizwe analala wapi na ana amani kiasi gani. Aliwafuata wanaume na swali la mwenye baa, na wengi walikasirika, na waliorudi baada ya kukasirika ndio waliopona. Ulevi tuliutibu kama ulevi. Mkono unaopiga ulijibiwa kama mkono.

Si wote waliofanikiwa. Yupo tuliyemfikia tumechelewa, na siku hiyo Bi Futikamba alikaa kwenye ngazi za nyuma mpaka jioni, hakutaka mtu amsemeshe. Kesho yake aliwahi kazini kuliko sote.

Fundi vigae aliteleza mara moja, akarudi mwenyewe. Mkewe alikaa kwa kaka yake zaidi ya mwaka, hatukumshawishi arudi wala asirudi. Alirudi kwa masharti yake, na masharti hayo hatujayaona kwa sababu si yetu. Tunachojua ni kwamba mtoto wao wa mwisho, ambaye zamani alikuwa akijificha uvunguni akisikia geti, siku hizi analalamika kwamba baba anawahi mno kurudi na kushika rimoti.

Mume wa Bi Futikamba, mwalimu mstaafu, anasema amengoja miaka mingi kumaliza naye hadithi moja bila kukatizwa. Ameandaa hadithi sita. Tunampa pole mapema kwa niaba ya wajukuu watakaomkatiza.

Dada yetu, asante. Ulitupokelea watu tulipokuwa tunakula keki, ukatusahihisha tulipokuwa tunapiga makofi. Nenda kapumzike. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, magoti yenye utii, na nyumba ambayo mlango ukigongwa hakuna anayeshtuka: mtu anauliza tu, nani, na anaendelea kumimina chai.