Dereva Asiye na Gari: Bw. Zacharia Muoki Astaafu

Baada ya miaka ishirini na sita katika idara ya kompyuta ya ushirika wetu wa maziwa hapa Thika, Bw. Zacharia Muoki anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na Bi. Ngendo wa ofisi ya usafiri. Ngendo alimwomba mstaafu amtayarishie maelezo kidogo, kisha akasema yako sawa hivyo hivyo. Kwa hiyo msomaji asishangae Muoki akisifiwa na mtu anayemjua kupita kiasi.

Alikuja kutoka Kiuu, Ruiru, akiwa na cheti kimoja, suti moja na imani kwamba kompyuta ikigoma huzimwa na kuwashwa tena. Imani hiyo ilimlisha miaka mingi.

Jina la utani la Dereva alilipata asubuhi ile mashine za mapokezi zilipokwama. Wakulima wa Gatuanyaga walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao, jua linapanda, na maziwa hayasubiri fundi. Muoki akatuma ujumbe ofisi zote kwamba dereva amelemewa na anahitaji kuangaliwa haraka. Alimaanisha programu ambayo mafundi huiita dereva, inayopeleka maswali ya SQL, lugha ya kompyuta, kwenye hifadhidata ya wakulima. Ngendo akaleta gari la kumkimbiza dereva hospitali.

Gari likingoja nje, Muoki alimtaka dereva wake amwonyeshe maswali aliyoyatunza. Kazi ya dereva huyo ni kuyaweka ghalani yakiwa tayari, ili swali likirudi lisiandaliwe upya. Ghala lilikuwa limejaa swali moja tu, la kumtafuta mkulima, ila kila ukurasa wa mtambo uliliandika kivyake: huku herufi kubwa, kule ndogo, na kurasa alizoandika Muoki zikiwa na nafasi mbilimbili kwa mazoea ya taipureta. Dereva aliona ni maswali tofauti, akawa anatupa moja ili apokee jingine. Yalipoandikwa kwa mtindo mmoja, foleni ilisonga. Mtungi mmoja tu uligeuka mala, maziwa ya kuganda, na idara ikaunywa.

Mwezi huu Bi. Trizah wa idara hiyo hiyo amechukua kazi ya Muoki, na mtambo haujakwama hata mara moja. Jambo hili limemuumiza Muoki sana. Kila akipita kuuliza kama kuna shida, Trizah humjibu, "Hakuna, mzee. Kunywa chai." Amekunywa chai nyingi. Ukweli ni kwamba anaogopa kusahauliwa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Trizah kwamba swali likifungwa baada ya kutumika halitupwi, hurudi ghalani likingoja kuitwa. Jana aliiona namba yake kwenye simu ya Trizah. Haikuwa na jina la Muoki. Imeandikwa "Dereva".

Anawashukuru nyote, na anaenda Gatuanyaga kufuga mbuzi. Bw. Muoki, Ngendo na Muoki wanakutakia mapumziko mema. Simu iwe na chaji.