Lwitiko Kibona wa Vumbi la Mpakani, 1968–2013

Marehemu Lwitiko Kibona alizaliwa tarehe 3 Juni 1968 Mbebe, wilayani Ileje, mtoto wa tatu wa Mzee Anyosisye Kibona, aliyekuwa akipiga goma kwenye misiba ya Wandali. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mbebe, akamaliza mwaka 1983.

Mwaka 1989 alihamia Tunduma, akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Alijitengenezea gitaa la galoni, nyuzi zake waya za breki za baiskeli, na mwaka 1994 akaanzisha bendi ya Vumbi la Mpakani. Alilichukua goma la baba yake, mdundo uleule wa misibani, akalikimbiza mbio, magitaa yakilia kama bati linalokatwa, waimbaji wakipayuka juu yake. Wafanyabiashara wa Zambia walitua mizigo wakapiga kelele, "Mwebantu, jamani, huyu ataua watu!" Wakaendelea kucheza.

Alifunga ndoa na Ikupa tarehe 14 Septemba 1996, wakajaliwa watoto wawili, Enesi na Nathanaeli.

Mwaka 1999 bendi ilipiga kwenye harusi Mlowo. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa lake walimtenga, wakisema goma lile ni la mashetani. Hakuitwa kujieleza. Mwaka 2006 kwaya ya kanisa hilohilo ikatoa kanda yenye goma lilelile, pigo kwa pigo. Marehemu aliisikia dukani akacheka: "Kumbe goma limeokoka, nimebaki mimi!" Familia haikucheka, na leo haicheki.

Mwaka 2011 alianza kusumbuliwa na kifua. Aliomba kurudishwa kundini, hakujibiwa. Alifariki hospitalini Vwawa tarehe 11 Aprili 2013.

Juzi Mzee Sadoki wa baraza la kanisa alifika msibani, akasema kwaya itaimba, ila bendi isisogelee kaburi.

"Mtaimba na goma lipi, baba?" Ikupa alimuuliza.

"Mama Enesi, hayo tuyaache."

"Hayaachwi! Mlimtenga kwa ajili ya goma, mkalichukua. Leo mnataka kumzika nalo, wenzake wakae barabarani?"

Mzee Sadoki aliaga akaondoka. Basi ijulikane: mwili ukishushwa, Vumbi la Mpakani watapiga, tena kwa nguvu zote. Anayeona ni dhambi, hajafungiwa njia ya kuondoka.

Marehemu ameacha mjane, Ikupa. Watoto, Enesi na Nathanaeli. Na dada yake, Ruti.

Mungu, ambaye hakumtenga, ampumzishe kwa amani.