Kadi Moja Iliyombakia Bi Kadi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kamusi, meza ya dirishani. Sote tunamwita Bi Kadi, kwa kuwa kila neno la Kiingereza lililopita mikononi mwake aliliandikia kadi kwa penseli, kompyuta zije zisije.

Sharti lake lilitutoa jasho: haandiki maana ya kitu asichokigusa. Alipofikia neno "spring", lenye maana tatu, alifunga droo akaondoka. Kwa ajili ya chemchemi alishinda kutwa kando ya maji yanayobubujika mwambani, akarudi sketi imelowa, anatabasamu peke yake. Kwa ajili ya springi alimwomba fundi magodoro apasue godoro kuukuu; ikamrukia, akaja kazini na nundu usoni. Mkuu wa idara alishukuru kwamba hatujafika herufi T, kwenye "tiger", yaani chui milia.

Alipofukua asili, alikuta mzizi mmoja: neno la kale lenye maana ya kuruka, kuchomoza kwa nguvu. Maji huchomoza ardhini, chuma kilichobanwa huruka kikiachiwa, na katika nchi za baridi kuna majira ambapo majani huchomoza kwenye matawi makavu. Hapo akakwama. Majira hayo hakuwahi kuyaona, na kadi yake ikabaki tupu miaka miwili, kamusi nzima ikiingojea. Tulimsihi anakili vitabuni, akagoma. Nakiri nilimnunia. Lakini mwezi uliopita nilimkuta ameishika kadi ile, machozi yanamlengalenga, anaogopa kutuachia kazi nusu.

Wiki mbili zilizopita binti yake, muuguzi huko kwenye baridi, alikuja kumtembelea na kijiti kikavu ndani ya kitambaa kibichi. Bi Kadi akakitia kwenye glasi ya maji dirishani. Nilicheka, nikasema hata kuni za jikoni zina uhai zaidi. Jumanne asubuhi tulipofungua chumba, kilikuwa kimetoa vijani vitatu, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Tulisimama pale kama watu walio ndotoni, hakuna aliyewasha taa. Bi Kadi alivigusa kwa ncha ya kidole, akachonga penseli, akaandika.

Asante, Bi Kadi, kwa kutufundisha subira bila kutuomba ruhusa. Kapumzike vyema, wajukuu wakuchoshe kwa raha, afya isikupungukie. Kadi imeshafika kwa mpiga chapa. Glasi iache dirishani. Maji nitabadilisha mimi.