Mvua Niliyoiombea Iende Pretoria

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, na wale mlioniazima ndoo nawasalimu mara mbili. Mchungaji ameniomba niuandike ushuhuda huu kwa sababu nikisimama kuusema nacheka, na nikicheka mnadhani natania. Sitanii. Yalinipata kweli, na aliyenitoa ni Mungu, ingawa alimtumia mwanamke mmoja mwenye ngazi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Papa Gloria, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na Johannesburg hii nimeshaizoea. Mnajua pia kwamba sipendi kutoka nyumbani. Cherehani yangu iko sebuleni, kochi liko hatua tatu kutoka kwenye cherehani, jiko liko hatua saba kutoka kwenye kochi. Wenzangu wamefika Cape Town kuona bahari. Mimi nimefika getini. Mke wangu, Mama Gloria, anasuka nywele kule Hillbrow, na huwaambia wateja wake kwamba mume wake hajawahi kupotea njia hata siku moja, maana hajawahi kushika njia.

Nyumba tunayopanga ni ya zamani, ya bati, na juu yake kuna dohani, ule mnara wa matofali wa kutolea moshi, ambayo hakuna anayekumbuka ilitoa moshi lini. Basi ikaja ile mvua ya mawe. Mnaikumbuka: magari yaliyolala nje yaliamka na mashimo usoni kama mtu aliyeugua ndui. Kwetu, baada ya siku mbili, nikaona doa la kahawia kwenye dari ya chumba cha binti yetu Gloria, mwenye miaka minane. Doa la ukubwa wa sahani. Nikalitazama vizuri, nikatafuta rangi nyeupe iliyobaki stoo, nikapaka juu yake. Nikarudi kwenye kochi nikiwa nimeridhika.

Mvua iliyofuata, doa likarudi na mtoto wake. Mimi ni fundi nguo, ndugu zangu. Nguo ikichanika, unashona palipochanika. Kwa hiyo nikanunua gundi nikabandika kiraka pale pale, kwa chini. Maji yakaukuta mlango umefungwa, yakatokea kwenye taa. Nikazima taa. Ukuta wa pembeni ukaanza kuota kuvu jeusi, na chumba kikanuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya mfuko. Nikasogeza kabati likaziba. Mlipokuja kwangu kwa maombi ya nyumbani mkauliza harufu hiyo ni ya nini, niliwaambia ni mtaro wa jirani. Jirani yangu ni mama wa Kizulu, msafi kuliko mimi. Nimeshamwomba msamaha. Alicheka, akasema alikuwa akidhani ni sisi tunapika kitu cha kwetu.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Siku zile mabomba ya mji yalikuwa yanakauka kila wiki, na kanisa likaweka Jumatano kuwa siku ya kuombea mvua. Kwa kuwa Mungu amenipa sauti kubwa kuliko akili, Mchungaji akanipa niongoze. Nikasimama. Nikasema, Bwana, fungua madirisha ya mbinguni. Mkaitikia Amina mpaka vioo vikatetemeka. Nami moyoni, kabla hata sijavuta pumzi, nikamalizia: lakini yafungue yale ya upande wa Pretoria. Jumatano nne nilifanya hivyo. Nilikuwa nawaongoza watu wa Mungu kwenda mashariki huku mimi mwenyewe nikikimbilia magharibi.

Kisha Gloria akaanza kukohoa. Kikohozi cha wiki ya kwanza tulikiita mafua. Cha wiki ya tatu tulikipeleka kliniki. Nesi akauliza, "Mtoto analala kwenye chumba chenye unyevu?" Mama Gloria akanigeukia, akanitazama. Tulipofika nyumbani alilisukuma kabati peke yake. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi mpaka usawa wa kiuno cha mtoto.

"Papa Gloria," alisema huku akikunja nguo, "mimi na mtoto tunaenda kwa dada yangu, Pretoria. Kifua cha mwanangu si shamba la uyoga. Siku ukuta ukikauka, nipigie. Usinipigie kuniambia umepaka rangi."

Wakaenda. Na mnajua ilikonyesha wiki ile? Pretoria. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Huku mvua ni nzuri, Bwana ni mwema." Nilikaa kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza nyumba niliyoipenda kuliko barabara zote ilikuwa kubwa mno.

Siku ya tatu nikampigia Mama Zawadi. Ninyi mnamjua kwenye kwaya, Mtanzania wa Tanga, yule mwenye sauti ya pili. Siku za kazi anatengeneza mapaa na kuta zenye unyevu. Niliona haya kumwita, kwa kuwa miaka miwili nimekuwa nikimtania: nani atampandisha mama mzima juu ya bati? Alikuja na bakkie, pikapu ya kukodi, ngazi imefungwa juu. Akaingia chumbani, akaibonyeza dari kwa kidole. Kidole kikazama.

"Baba Gloria, hii dari au ugali?"

"Ni doa tu, dada."

"Doa. Na rangi hii nani kapaka?"

"Mimi."

"Na gundi?"

"Mimi."

"Eish. Umefunga kidonda na usaha ndani."

Akazishusha mbao za dari moja moja. Sufi ya kuzuia baridi ikaanguka, nzito, ya kijivu, kama kondoo aliyezama. Nikainua shingo nilione tundu. Ndugu zangu, hapakuwa na tundu. Juu ya lile doa bati lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Hapo ndipo kitu kilipoanza kuniwasha kichwani. Nilisahau hata aibu yangu. Maji yanaingiaje mahali pasipo na mlango?

"Maji si nguo," alisema Mama Zawadi. "Yanaingia kwa huyu, yanapita kwa yule, yanakuja kulala kwako. Nifungulie mpira, nimwage juu ya paa kipande kwa kipande. Wewe kaa ndani utazame yanatokea wapi."

Nikafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa. Ilikuwa siku ya tatu mtaa wetu hauna maji, na pale nje lori la maji lilikuwa limefika, watu wamepanga foleni na ndoo zao. Mama Zawadi akaitazama ile foleni.

"Siwezi kumwaga maji juu ya bati mbele ya hawa. Watanishusha na ngazi yangu. Basi, baba, hatuna ujanja, tungoje mvua. Si wewe unayeiombea kila Jumatano?"

Nikaketi kwenye kipago cha chini cha ngazi nikamweleza yote, pamoja na Pretoria. Alicheka mpaka akaushika ukuta, kiganja kikatoka cheusi. Alipokiona kiganja, akaacha kucheka. "Jumatano uwaambie wenyewe," akasema.

Mlikuwepo. Ile sauti yangu kubwa ilitoka nyembamba kama uzi. Niliwaambia kwamba mwezi mzima nimeomba dhidi yenu nikiwa nimeshika kipaza sauti chenu. Mchungaji akasema, "Kumbe tunavuta kamba, na kiongozi wetu yuko upande wa pili." Mkacheka, nami nikacheka na machozi juu. Kisha akaniuliza, "Na leo unaombaje, Papa Gloria?"

Nikasema, "Inyeshe. Ianzie kwangu."

Lilikuwa ombi langu la kwanza lisilo na mkia.

Kesho yake jua likawaka kama halijasikia. Na kesho kutwa. Mimi ninayeijua dari kuliko mbingu nilianza kukaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikisoma mawingu. Jirani alikuja kuuliza kama naumwa. Nikajifunza kwamba wingu linaloanza jeupe upande wa kusini, likivimba kama koliflawa, kufikia saa tisa linaweza kuwa na rangi ya kitako cha sufuria. Na kwamba mara nyingi linakwenda zake tu. Siku tisa zilipita hivyo, nami sikuchoka. Nilitaka kujua.

Siku ya kumi, Jumamosi, likaja la kweli. Mama Zawadi alifika na matone ya kwanza.

"Hakuna anayepanda juu ya bati," alisema. "Radi haichagui mlokole. Tunaingia darini."

Ile "tunaingia" sikuitarajia. Lakini nilipanda, nikalala kifudifudi juu ya boriti na tochi mkononi, yeye akiwa upande wa pili. Mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kama watu elfu wanaochambua maharage. Tukangoja. Mara nikaliona: tone, linang'aa, limening'inia chini ya mbao, halianguki. Linatembea. Ndugu zangu, niliwahi kuogopa kupanda juu ya stuli kubadilisha balbu, lakini pale hofu sijui ilienda wapi. Nikatoa chaki yangu ya kuchorea vitambaa mfukoni, nikaweka alama lilipopita. Likaja jingine kwenye njia ile ile. Nikaanza kutambaa kinyume cha safari yao, alama kwa alama, kutoka chumba cha Gloria, juu ya ukumbi, juu ya jiko.

"Umelipata?" alipaza sauti.

"Linatembea tu!"

"Lifuate!"

Nikalifuata mpaka sebuleni, juu kabisa ya kochi langu. Maji yalikuwa yanaingia ubavuni mwa dohani, pale bati linapokutana na matofali, kupitia matundu ya skrubu. Skrubu za dishi langu la televisheni.

Miezi yote nilikuwa nimeilaumu mvua ya mawe. Mvua ile ilitikisa tu kilichokuwa kimelegea. Mwaka uliotangulia, yule kijana aliyefunga dishi alitaka kuziba yale matundu kwa lami, nami nikamwitia kutoka chini: acha, inatosha, mechi inaanza. Niliisikia sauti hiyo tena pale darini. Mwanangu alikohoa wiki tatu kwa sababu sikutaka kukosa dakika tano za mpira. Nikalia. Mama Zawadi akanimulika na tochi.

"Nini? Panya?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi."

Hakunitania. Alisogea, akaangalia yale matundu, akasema, "Ukishaliona, linazibika."

Jumatatu jua lilitoka. Dishi likashuka na halijarudi. Mama Zawadi akaziba matundu, akaanza kupaka dawa nzito ya kuzuia maji, na katikati ya tabaka mbili akaweka kitambaa. Kusikia kitambaa nikasogea. Kwenye kona za dohani kilikuwa kinamfanyia mikunjo, na mkunjo mahali pale ni kisima.

"Baba Gloria, unaweza kukata kola?"

"Hata ya ng'ombe."

"Basi panda, njoo uipime shingo ya huyu."

Nikapanda. Nikaipima dohani kwa futi yangu ya ushonaji, nikaikatia kola isiyo na mkunjo hata mmoja. Mama Zawadi akaibandika bila kuirekebisha popote, na wanaomjua wanajua hiyo ni zawadi.

Baada ya hapo kazi ikawa kungoja. Alinikataza rangi kabisa. Madirisha wazi mchana kutwa, kuvu limekwanguliwa, na ukutani akabandika kipande cha plastiki, kingo zote zimezibwa. Kikitoa jasho kwa ndani, ukuta bado unatoa maji. Kila asubuhi nilikwenda kukitazama kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa. Jioni nilimpigia Mama Gloria kumpa taarifa ya plastiki, bila kumwomba arudi.

"Leo je?"

"Matone kumi na moja."

"Sawa."

Wiki ya pili akawa ananipigia yeye. Asubuhi moja plastiki ikawa kavu, na kesho yake, na siku ya tatu. Nikamwambia.

"Umepaka rangi?"

"Bado."

"Usipake. Nakuja kuona."

Alikuja na Gloria Jumapili baada ya ibada. Ukuta ulikuwa saruji tupu, mbaya wa kutazama. Akaweka kiganja. Akaweka shavu. Akanusa kama anayenunua samaki. Mimi nilisimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Gloria, nenda ulete begi lako. Nililiacha getini."

Namshukuru Mungu. Kifua cha mtoto siku hizi kinatumika kwa kuimba na kwa kubishana nami kwa Kiingereza. Namshukuru Mama Zawadi, na ninyi mliovumilia kiongozi mwenye maombi mawili kwa mdomo mmoja. Labda na wewe unayesoma una doa ulilolipaka rangi, na kabati mbele yake. Usiogope kufungua dari. Bwana haogopi kuona kuvu, na kwake utakuwa salama kuliko nyuma ya kabati. Mabwawa bado hayajajaa, kwa hiyo Jumatano tunaendelea kuomba mvua. Njoo uombe nasi. Na kama paa lako linavuja, tuambie kabla ya Amina.