Mwalimu Generoza na Barua ya Wachina

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Historia, Mwalimu Generoza Mkude anastaafu. Alianzia Mikumi, ambako nyani walimwibia chakula cha mchana mara tatu, akahamia kwetu Tindiga mwaka 2009. Hatujawahi kumwona akikimbia, hata kengele ikilia.

Wanafunzi wake wote wanakumbuka somo moja. Mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto, Uingereza na China zilikaa kujadili haki ambazo wageni walijipatia China kwa mikataba ya kale. China ilitaka pia irudishiwe ardhi ya jirani na Hong Kong, iliyokodishwa kwa miaka tisini na tisa. Uingereza ikagoma. Mwalimu aliligawa darasa pande mbili, na kila mtoto alipewa upande asioupenda.

Mwaka 2014 wakulima na wafugaji waligombana hapa juu ya ng'ombe kuingia mashambani, na njia ya shule inayopita mashambani ikafungwa. Nalepo wa kidato cha tatu, binti wa Mzee Kitashu mfugaji, akawa anazunguka mwendo wa saa mbili kila asubuhi. Baba yake akasema basi, aache shule. Mwalimu alimwita Mzee Kitashu, akamwita na Mzee Tomasi mwenye mashamba, akawapa shikamoo zao na kuwakalisha nyuma darasani siku ya somo hilo. Nalepo akawa China, mwenye ardhi. Goodluck, mtoto wa Tomasi, akawa Uingereza, mpangaji.

Nalepo alijenga hoja mpaka Mzee Tomasi akasimama kupiga makofi, akisema mwenye ardhi ana haki yake na mpangaji aache ukaidi. Darasa likaangua kicheko, maana mpangaji alikuwa mwanawe. Mzee akakaa taratibu, akacheka na yeye.

Ndipo Mwalimu akaeleza ilivyokwisha. China ilisaini yale yaliyokubaliwa, na kuhusu ardhi ikaandika barua kwamba inabakiza haki ya kuliibua tena suala hilo. Wazee wakaomba karatasi, waandike ya kwao. Njia ya watoto ikafunguliwa wiki ileile. Suala la ng'ombe likaandikiwa barua kama ile ya China. Halijaisha mpaka leo, ila kila msimu wanakaa kulizungumza, na Nalepo ni muuguzi Kilosa. Binafsi naona huo ni ushindi mkubwa kuliko mingi iliyomo vitabuni.

Mwalimu, tulikusihi ubaki walau muhula mmoja, ukagoma. Asante kwa yote. Kapumzike salama nyumbani Kidete, na mahindi yako yastawi. Kadi ya kukuaga tumeisaini sote. Nyuma yake tumeandika kwamba suala la kuondoka kwako hatujalikubali, na tunabakiza haki ya kuliibua tena.